Mwaka wa Kuutafutia Moto Njia

Asio ndiye aliyenipigia simu. Namba sikuijua, na sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kidogo kwa miaka, lakini alipotamka jina langu, Nabwire, akilivuta mwishoni kama alivyokuwa akilivuta tukiwa wasichana, nilimjua kabla hajajitaja. Hakuzunguka. Alisema Mhandisi Wanyama ametuacha, kwamba mazishi yangekuwa Ijumaa nyumbani kwake Bukhayo, na kwamba yeye angeuvuka mpaka wa Uganda asubuhi kutoka Tororo, alikoolewa, ili tukutane stendi ya Nambale twende pamoja. Nilikuwa sijamwona Asio tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Tulipokutana tulisalimiana kwa mikono miwili, tukashikana muda mrefu, halafu akaniambia nimenenepa. Nikamwambia na yeye pia.

Pale mazishini tulikaa nyuma, chini ya hema, kwenye viti vya plastiki ambavyo miguu yake ilizama kwenye udongo laini. Wasemaji walimsifu marehemu kwa mengi na yote yalikuwa kweli: alikuwa mzee wa kanisa, alisomesha watoto wa ndugu zake, hakuwahi kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyetaja yadi ya Malaba. Mkewe alisema tu kwamba kuna mwaka mmoja mume wake alifanya kazi kule mpakani, kampuni ikafunga, akarudi nyumbani. Asio aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Hawa hawajui." Nikamjibu wangejuaje, na sisi ndio tuliokuwepo. Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiria mwaka ule nikiwa jikoni, nikiwa shambani, hata kanisani, na nimeona heri niuandike. Kati ya wanne tuliokuwa pale wawili sasa wako ardhini. Na mtu akipewa kitu kizuri ujanani, akakitumia maisha yake yote, si vibaya aseme alikipata wapi.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kozi ya maabara, nina cheti na jozi moja ya viatu vya heshima, nilipopata kazi Malaba. Nilifika msimu wa vumbi. Kampuni ilinipa chumba nikae na msichana mwingine wa kazi, ndiye Asio, Mteso wa upande wa Angurai, mrefu, mkimya mpaka umzoee. Chumba kilikuwa katika ploti ya Mama Zaituni, mjane wa Kiislamu mwenye hoteli iliyotazama barabara kuu. Kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja, misumari ya kutundikia nguo, na ukuta wa mbao uliotutenganisha na meza za hoteli. Kupitia ukuta ule tuliisikia dunia. Madereva wa matrela walikula pale wakingoja karatasi zao zipite, wakizungumza Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa, cha Kampala, cha Kigali. Kulikuwa na mmoja ambaye kila akipita alisimulia juu ya nyumba anayojenga kwao. Sisi upande wa pili, tukiwa tumekaa vitandani na vikombe vya chai, tulijua amefika kwenye linta, juu ya madirisha, tukajua fundi amemkimbia na mbao, tukajua ameezeka. Siku aliposema mama yake amehamia, Asio alitabasamu kama vile mama huyo ni wake. Uso wa dereva yule hatukuwahi kuuona.

Mama Zaituni hakukubali mtu aondoke ploti yake bila kula. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na mandazi ya moto, jioni chapati na maharagwe, au matoke yaliyovuka kutoka ng'ambo, na Jumamosi samaki wa kukaanga. Mamake Asio naye alikuwa akimtumia atapa, ule ugali mzito wa wimbi, umefungwa kwa kitambaa, nasi tuliukata vipande tukala na mrenda. Nikikumbuka sasa naona kwamba tulilishwa vizuri mwaka ule kuliko mishahara yetu ilivyostahili. Nilipomuuliza Mama Zaituni mbona anatujazia sahani namna hiyo, alisema kazi ya moto haiendi na tumbo tupu, akaondoka na sufuria yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika vilima vya Samia, kusini mwa Busia, kuna mawe ya chuma, na sehemu yake kubwa ikichimbwa hutoka kama mchanga na unga mweusi unaoelekea wekundu. Tanuri kubwa la kuyeyushia chuma halitaki unga. Linataka mapande, ili upepo upite katikati yake. Ukilitia unga linakabwa kama mtu aliyezibwa pua. Kwa hiyo ule unga lazima kwanza uokwe ugandamane. Unauchanganya na makaa ya mawe yaliyosagwa na chokaa, unaumimina ndani ya chungu kirefu cha chuma chenye wavu chini, unauwasha juu, halafu feni kubwa iliyo chini inavuta hewa kutoka juu kwenda chini. Moto unafuata hewa. Unashuka polepole, tabaka kwa tabaka, na unapopita unaacha nyuma yake chembe zilizoshikana, zenye matundu matundu. Sisi tuliita keki. Kampuni ilitaka kujua jambo moja tu: kama unga wa Samia unaweza kutoa keki nzuri, wajenge kiwanda, kama hauwezi, waende zao.

Tulikuwa wanne. Mhandisi Wanyama alikuwa mkubwa wetu, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani yake anapotaka kufikiri. Mzee Emojong, aliyekuwa amefanya kazi reli mpaka wakampunguza, aliendesha pipa la kuchanganyia, pipa refu lililolala likizungushwa na mota. Asio alipima unyevu na kuchekecha, yaani kutenganisha chembe kwa ukubwa wake. Mimi nilipima joto na gesi, na kusoma geji iliyoonyesha feni inavuta kwa nguvu kiasi gani. Yadi ilikuwa kando ya reli, banda la mabati lisilo na kuta, lenye maturubai ya kushusha mvua ikija.

Juma langu la kwanza, Mhandisi alimtuma Asio sokoni akanunue unga wa wimbi na mahindi makavu. Alikuwa na mikebe miwili aliyoitoboa chini. Mmoja akaujaza unga, mwingine mahindi, akanipa nipulize. Kwenye mahindi pumzi yangu ilipita nikaisikia kwenye kiganja upande wa pili. Kwenye unga nilipuliza mpaka masikio yakaziba, halafu unga ukatoboka ghafla pembeni kwenye ukingo wa mkebe, ukanirudia usoni. Mzee Emojong alicheka mpaka akakaa chini. Mhandisi hakucheka. Alinipa leso, akaniambia nimeona mambo mawili kwa pumzi moja: kwanza, hewa haipiti pasipo nafasi, pili, ukiilazimisha, inatafuta njia ya mkato pembeni, na pale katikati panabaki pabichi. Yale mahindi Mzee Emojong aliyachoma mchana tukala.

Nilidhani nimeelewa. Kumbe kuelewa ni kitu kimoja na kuoka ni kingine. Miezi ile ya kwanza kila chungu tulichowasha kilitushinda. Moto ulishuka mpaka nusu ukafa, tukigeuza chungu tunakuta juu kuna ganda gumu na chini unga ule ule tulioutia, umelowa, baridi. Au moto ulikimbilia upande mmoja, keki ikatoka kama jino bovu. Wanaume wawili wale na Asio walibishana kila siku, kila mtu na dini yake. Mzee Emojong aliamini maji. Alisema unga ukilowa vizuri unashikana, basi. Asio aliamini chekeche. Alisema tunaingiza vumbi jingi mno na maji hayataliondoa. Mhandisi kwa muda aliamini feni. Aliomba kampuni feni yenye nguvu zaidi, wakaileta kwa lori, tukaifunga kwa shangwe, na mambo yakawa mabaya zaidi, maana ilinyonya vumbi lote likashuka likajipanga juu ya wavu kama simenti. Siku hiyo Mhandisi alifuta miwani yake kwa muda mrefu sana. Halafu akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba amekuwa akitafuta dawa mwisho wa njia wakati ugonjwa uko mwanzo. Hakuna aliyemcheka. Mzee Emojong alikuwa amekosea kwa maji, na Asio, baadaye tuligundua, alikuwa amekosea pia, kwa sababu ukiondoa vumbi lote unabaki na kidogo sana cha kuoka. Unga wenyewe ndio uliokuwa mali. Shida ilikuwa kuufundisha uwe punje.

Hapo ndipo mwaka ulipogeuka, ingawa haukugeuka kwa siku moja. Tulianza kuvunja keki mbovu na kurudisha vipande vidogo vyake kwenye pipa, viwe kama mbegu. Pipa lilizunguka polepole, Mzee Emojong akinyunyiza maji kwa mkebe wa kumwagilia maua, na vumbi likaanza kujivika juu ya zile mbegu mpaka tukapata punje ndogo za mviringo, ukubwa wa mtama. Mara ya kwanza tulipozimwaga kwenye turubai tulisimama tukaziangalia bila kuzigusa, jinsi unavyosimama mbele ya vifaranga. Zilionekana imara. Tukaziwasha. Moto ulishuka vizuri kuliko siku zote, halafu robo tatu ya njia ukazimika. Asio ndiye aliyeingiza mkono chini chungu kilipopoa, akatoa tope. Punje zilikuwa zimevunjika. Mhandisi alitueleza: joto linakausha tabaka za juu, mvuke unatangulia mbele ya moto, unafika chini penye baridi, unageuka maji tena, unazilowesha punje kupita kiasi mpaka zinaporomoka. Njia inazibwa na maji yaliyokuwa yakikimbia moto. Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kuharibika mbele ya shida, kabla shida yenyewe haijafika.

Mvua za masika zilitukuta hapo, na wenye kampuni wakatukuta pia. Ujumbe ulikuja kwamba wageni watatoka Nairobi kuangalia chungu kikiwashwa, na kwamba wamechoka kungoja. Mzigo wa unga ulikuwa umenyeshewa ukawa uji. Tuliuanika kwenye karatasi za nailoni chini ya banda, na kufikia asubuhi ya wageni ulikuwa umekauka juu juu tu. Kuuzungusha kwenye pipa mpaka uwe punje kungechukua siku nzima. Wageni walifika mapema, watu watatu wenye viatu safi, na mmoja wao, aliyeonekana mkubwa wao, alisema hawalali Malaba. Alisema watie kilichopo wawashe, yeye anataka kuona moto tu. Nilimwona Mhandisi akiangalia unga, akiangalia saa, akiangalia sisi. Asio alimwambia polepole, "Boss, hii haijakuwa tayari." Mhandisi alijibu kwamba anajua. Halafu akasema tuwashe.

Nje mvua ilikuwa inanyesha na maturubai yote yameshushwa. Wageni walisimama kidogo karibu na chungu, moshi ukawachosha, wakaenda kukaa kwenye gari. Mimi nilibaki juu ya ngazi ndogo kando ya mdomo wa chungu, nikisoma joto, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Geji ya feni ilipanda ikagota mwisho, maana yake feni inavuta na hewa haipiti. Moto ulikuwa umekaa pale pale juu, unafuka, haushuki wala haufi. Halafu stima ikapotea, kama ilivyokuwa ikipotea Malaba kila mvua ikinyesha. Feni ikanyamaza. Kama tungekuwa tumeutayarisha ule unga, moto ungekuwa umeshafika chini na kumaliza kazi yake. Sasa ulikuwa umelala ndani ya unga uliobanana, unakula hewa kidogo iliyopo, unatoa ile gesi mbaya ya makaa isiyo na rangi wala harufu, na kwa kuwa hakukuwa na feni ya kuivuta chini, ilipanda juu. Juu ndipo nilipokuwa.

Nakumbuka kichwa kikiniuma kama kimefungwa kamba. Nakumbuka nikiwaza kwamba ni njaa, na kwamba Mama Zaituni alisema kutakuwa na matoke. Nilitaka kushuka ngazi, miguu ikawa si yangu. Baada ya hapo mimi sikumbuki kitu, nasimulia nilichosimuliwa. Asio alikuwa upande wa pili akifunika unga usilowe. Aliniita mara moja, nilipokosa kujibu hakuita tena. Alikata kamba ya turubai kwa kisu cha kazi, akavuta pumzi nje, akaingia, akanishika chini ya makwapa akaniburuta mpaka kwenye matope ya reli. Mzee Emojong aliangusha maturubai mengine yote. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa inaniingia mdomoni, na nywele za Asio, zilizokuwa zimefunguka, zimenifunika uso. Alikuwa anasema maneno ya Kiteso ambayo sikuyaelewa. Mpaka leo sijamuuliza yalikuwa nini.

Sehemu inayofuata niliisikia mwenyewe, nimelala kwenye gunia, kichwa juu ya paja la Asio. Stima ilikuwa imerudi. Mgeni yule mkubwa alikuwa ametoka garini na mwavuli, akasema kwamba ni bahati msichana yuko salama, basi kwa vile feni iko sawa waendelee wamalize. Mhandisi alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa, miwani mkononi.

"Leo hapa hawashi mtu," alisema.

Mgeni alimwambia watarudi Nairobi mikono mitupu, na kwamba wakirudi hivyo hana hakika kama kutakuwa na kazi Malaba juma lijalo.

"Nilijua huu unga hauko tayari, nikauwasha kwa sababu yenu," Mhandisi akasema. "Kosa hilo ni langu na nitalibeba. Lakini silirudii. Mkitaka kunifuta kazi, nifuteni sasa, hawa watu wangu wakiwa bado wazima."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayesoma geji. Mgeni alimtazama, akanitazama mimi kwenye gunia, akafunga mwavuli akaingia kwenye gari. Nimefanya kazi na wakubwa wengi baada ya hapo, wazuri na wabaya, na nimeona wengi wakitafuta mtu wa chini yao wa kumwangushia jambo. Kila nilipowaona nilikumbuka mvua ile. Mtu anaweza kukosea mbele ya watu wake na bado wakamfuata mpaka mwisho, ikiwa hatawaficha kosa lake. Hilo sikulisoma mahali. Nililisikia nikiwa nimelala kwenye gunia.

Zahanati walinipa oksijeni, wakaniambia nipumzike. Mama Zaituni alinitolea mkeka kwenye veranda ya hoteli, nikakaa pale siku zile zote nikinywa maziwa na uji, madereva wakinipita wakinisalimia "pole dada" kwa lafudhi zao zote. Alikuwa akija kila mara kugusa paji la uso wangu kwa mkono unaonukia iliki, hata baada ya kuwa nimepona wazi. Asio hakutaka kuzungumza juu ya siku ile. Nikijaribu kumshukuru aliniuliza kama nimekula. Lakini tangu hapo aliliacha dirisha la chumba chetu wazi saa zote, mbu waingie wasiingie, na mpaka mwaka unaisha hakulifunga. Nilielewa. Mie nami sikulifunga.

Hawakumfuta Mhandisi. Walimpa mpaka mwisho wa mwaka. Naye alitukalisha kwenye mabenchi ya banda akasema kwamba kuanzia sasa hakuna chungu kitakachowashwa mpaka sisi wote wanne tukubali kwamba unga uko tayari, na kwamba sauti ya yeyote kati yetu inatosha kuzuia. Alianza na mimi. Aliniuliza, je, uko tayari kurudi kwenye chungu? Nilimwambia nitarudi, lakini maturubai ya upande mmoja yasishushwe tena hata inyeshe mvua ya Nuhu. Akasema sawa. Siku iliyofuata Mzee Emojong alikuwa ameyang'oa kabisa.

Tukafanya kazi. Nikitaka kueleza furaha ya miezi ile nashindwa, maana kwa mtu wa nje ilikuwa ni kuchekecha tu, kupima, kunyunyiza, kungoja. Tuliujengea unga kibanda chake usinyeshewe. Tulijifunza kutia chokaa iliyochomwa kabla ya maji, kwa sababu chokaa hiyo ikikutana na maji inachemka yenyewe, na punje zikaingia kwenye chungu zikiwa vuguvugu. Mvuke ukawa haukuti tena baridi ya kuugeuza maji. Tulijifunza kutandika chini mapande ya keki ya zamani, vumbi lisifike kwenye wavu. Tulijifunza kumimina punje kwa upole, bila kuzishindilia, na kupanga kingo vizuri ili hewa isipate njia ya mkato. Mzee Emojong aliacha kunyunyiza kwa jicho akakubali kupimiwa na Asio, naye Asio akakubali kwamba mzee akisema sauti ya pipa imebadilika, basi imebadilika. Walikuwa wakibishana bado, lakini sasa walibishana kama watu wa nyumba moja. Mchana tulikula pamoja kwenye benchi, sufuria ya Mama Zaituni katikati. Pale ndipo nilipomsikia Mhandisi akimsimulia Mzee Emojong kwamba babu zake wa upande wa mama walikuwa wafua chuma, na kwamba wao pia walichagua makaa yao moja moja kwa mkono, si kwa sababu ya ibada, ila upepo wa mivukuto upite. Alisema alilijua hilo tangu utotoni na bado alikwenda kuomba feni. Wakacheka wote wawili.

Moto ukaanza kufika chini. Kwanza mara moja moja, halafu mara nyingi, halafu tukaacha kushangaa. Wageni waliitwa tena, wakaja, wakaona keki nzima ikitoka kwenye chungu, nyeusi yenye kung'aa, wakapiga picha wakachukua vipande. Mgeni mkubwa alinitambua akaniuliza hali. Tulidhani tumeshinda. Kisha, karibu na Krismasi, Mhandisi aliitwa kwenye simu pale hoteli, akarudi yadini akatuambia kampuni imeamua kutojenga. Unga wa Samia hauna neno, walisema, keki ni nzuri. Ni mambo mengine tu, ya reli, ya bei za dunia, ya watu tusiowajua. Tukabidhi vifaa ifikapo mwisho wa juma. Asio alikaa chini kwenye chekeche lake. Mzee Emojong alisema reli nayo ilimwambia hivyo hivyo.

Asubuhi ya mwisho tulikuja kufunga virago. Kwenye kibanda kulikuwa kumebaki unga wa kutosha chungu kimoja, na makaa kidogo, na chokaa. Mhandisi aliviangalia muda, akafuta miwani, akasema kwamba vitu hivi kampuni haivitaki, vitatupwa, na hakuna mtu atakayetaka kujua matokeo. Halafu akauliza kama tungependa kuwasha.

Hatukuharakisha. Asio alichekecha unga wote ule kana kwamba kiwanda kizima kinamngoja. Mzee Emojong alizungusha pipa taratibu mno. Nilipima kila kitu ingawa sikuwa na wa kumpelekea. Mama Zaituni, aliyekuwa amekuja kutuaga na chakula, alikaa kwenye benchi akauliza tunapika nini. Mhandisi alimwendea kila mmoja wetu akimuuliza, uko tayari? Asio akasema tayari. Mzee akasema tayari. Aliponifikia mimi nilienda nikaangalia upande uliokuwa wazi, jua likiingia mpaka kwenye miguu ya chungu, nikasema tayari. Akanipa kienge cha moto nikawasha mwenyewe.

Nimeona matanuri makubwa tangu hapo. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha saruji ng'ambo, nikawa msimamizi, nikafundisha vijana, na kila kijana aliponijia akisema mashine inamsumbua nilimuuliza kwanza alichoitia alikitayarishaje. Walinichoka kwa swali hilo. Lakini sijaona moto mwingine ukishuka kama ule. Geji ilisimama mahali pamoja kama imepakwa rangi. Hewa ilipita kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Tulipogeuza chungu keki ilitoka nzima, na Mzee Emojong alipoipasua kwa nyundo ilikuwa na matundu toka juu mpaka chini, upande huu na upande ule, hakuna pabichi popote. Hakuna aliyepiga picha. Mama Zaituni alisema ni nzuri, lakini haitaliwa, basi tunawe mikono. Tukakaa sote watano kuizunguka, bado ina moto, tukala samaki na ugali tukiiangalia ikipoa.